Sare ya Siku ya Nne

Mwaka 2017 nilikuwa mpishi wa wachezaji kwenye uwanja mmoja wa kriketi, Johannesburg, na kama kuna kitu kilichonichosha maishani ni mechi ya siku nne. Sisemi ile ya jioni moja, yenye muziki na watu waliojipaka rangi usoni. Nasema ile ndefu ya ligi ya taifa: wachezaji wamevaa nyeupe, mpira mwekundu, majukwaa matupu, mstaafu mmoja amelala na gazeti usoni. Wanaanza saa nne, mchana wanasimama kula, alasiri wanasimama tena kunywa chai. Mchezo wenye mapumziko ya chai! Na chai yenyewe naipika mimi.

Sheria zake alinifundisha mwandika alama, mzee wa Kihindi kutoka Lenasia aliyezoea kupita jikoni kuomba andazi. Kila timu hupiga mara mbili. Ili ushinde, sharti uwatoe wapigaji wa wenzako mara zote mbili kabla siku ya nne haijaisha. Ukishindwa, hata uwe mbele yao kiasi gani, ni sare. Kila mmoja anabeba vipointi alivyookota njiani, anakwenda zake.

Ujanani mwake, alisema, ligi zilikuwa mbili: ya wazungu, iliyoandikwa vitabuni, na ya kina yeye, waliochezea viwanja vya changarawe na mikimbio yao, ndiyo alama za mchezo huu, isihesabiwe. Baadaye vyama vikaungana, majimbo yakakusanywa kuwa timu sita za majina ya kubuni, naye akapewa kiti cha kuandikia alama. "Kiti wamenipa mgongo ukiwa umeshaisha," alisema. Nilicheka, kisha nikaona yeye hacheki.

Mwezi wa Novemba mechi moja ilianza Jumatatu, maana yake siku ya nne ni Alhamisi. Alhamisi hiyohiyo, saa nane mchana, binti yangu wa miaka minane alikuwa apewe zawadi ya kusoma shuleni kwao, Soweto. Baba yake, aliyenioa Morogoro akiwa mkimbizi wa siasa na kunileta kwao, alikuwa ameshafariki. Mzazi wa kukaa pale na kupiga makofi nilikuwa mimi tu. Msimamizi wangu alikuwa na neno moja: mechi ikiisha, nenda, isipoisha, kaa.

Jumanne jioni nilikuwa na furaha, kwa sababu wageni walitolewa wote, wakiwa nyuma mno. Nahodha akimwacha mwenzake mbali namna ile, sheria inamruhusu kumrudisha kupiga palepale. Nahodha wetu angefanya hivyo, Jumatano jioni tungekuwa tunaosha masufuria ya mwisho. Jumatano asubuhi nikachungulia dirishani, nikaona vijana wake mwenyewe ndio wanaoingia kupiga.

"Anawapumzisha warushaji wake wa mpira," mzee akaniambia.

Wapumzike! Mimi nilikuwa nimesimama tangu alfajiri, miguu imevimba, na hakuna nahodha aliyeniuliza. Nilimchukia yule kijana kwa moyo wote. Nilimpakulia wali wa chini, uliogandia sufuria, na sijajuta hadi leo.

Usiku huo nilifika nyumbani mtoto amelala, na asubuhi niliondoka amelala. Nikiwa njiani nikamwandikia ujumbe kwenye simu ya bibi yake, mama mkwe wangu, ambaye sote tunamwita gogo, na ambaye kwa magoti mabovu hatembei mbali. Gogo hajui Kiswahili. Binti yangu anakielewa lakini hujibu kwa Kizulu, au kwa Kiswahili kilichochanganywa nacho, nami kwa ukaidi humwandikia kwa Kiswahili tu, kisije kikamtoka kabisa. Niliandika hivi: "Mwanangu, ikiwa sare, sitakuja. Kama si sare, nakuja mbio."

Hadi chakula cha mchana wageni saba kati ya kumi wanaotakiwa walikuwa wametoka. Nikavua aproni, nikachukua mkoba. Kisha wakaja wawili wasiotaka ushindi wala mikimbio, kazi yao kuuzuia mpira tu, mmoja baada ya mwingine. Saa nane ikafika wamesimama. Saa tisa, wamesimama. Nikavaa aproni, nikachemsha chai, na machozi yalinitoka mbele ya birika. Jioni nahodha wangu na nahodha wao wakapeana mikono. Sare.

Nilimkuta binti yangu kitandani amevaa gauni la njano la kanisani. Sketi na sweta za shule zilikuwa zimekunjwa juu ya kiti, safi kama nilivyozipiga pasi Jumapili.

"Mbona hukuvaa sare?" nikamuuliza.

"Wena ulisema, Mama. Ikiwa sare, hukuji." Akakunja uso. "Mina sikuvaa. Nilimwambia gogo ni wewe umesema."

Nikakaa chini. Shuleni walimkataza kupanda jukwaani bila sare, cheti akapewa darasani baada ya wageni kuondoka. Alikuwa amesimama mlangoni muda wote, akiangalia geti.

Nikamweleza kwamba sare ni neno lenye mambo mawili, kwamba nilimaanisha mechi, watu wakicheza mpaka siku zao ziishe. Alisikiliza vizuri, kama anavyosikiliza mwalimu.

"Kwa hiyo nani alishinda?"

"Hakuna."

"Siku zote hizo nne, hakuna?"

"Hakuna, mwanangu. Nisamehe."

Akaniuliza kama mwakani pia zitakuwepo mechi za siku nne. Nilikuwa nimechoka mno kumdanganya, nikasema zitakuwepo.

"Sharp," akasema, yaani sawa, bila hasira, huku akivua gauni. "Mwakani nitaenda na gogo. Tutatoka mapema, kwa ajili ya magoti yake."