Friji Iliyogeuzwa

Nyumbani kwetu Nyarero tuko zaidi ya watu ishirini: baba, mama, kaka zangu, wake zao na watoto. Wote wanataka maji ya moto asubuhi, maana baridi ya kule haina mchezo, na miaka yote moto wa maji hayo ulikuwa wa mama. Wakamwana wapo, tena wana nguvu zao, lakini kwetu mkamwana hampelekei baba mkwe maji ya kuoga. Ni aibu, hata ndoo yake haigusi. Basi mama anapuliza kuni, anabeba ndoo mpaka mlango wa bafu, anasema, "Maji tayari." Hapo ndipo bwana mkubwa anainuka kitini.

Macho ya mama yalipoanza kuvuja machozi bila kukoma, nilimpeleka hospitali. Daktari hakuzunguka. "Mama, moshi basi. Ukiendelea utapofuka."

Nikajinyima, nikanunua ile mashine inayovuta joto la hewani na kulitia kwenye tangi la maji. Bomba likafika bafuni, kila mtu afungue mwenyewe. Fundi alitoka Sirari. Baba alipomuuliza inafanyaje kazi, alijibu kwa Kiswahili chao cha mpakani, "Mzee, hii kitu ni friji, ni vile tu imegeuzwa. Joto inaweka kwa maji, baridi inatupa nje." Alitaka ikae nje, chini ya paa, ipate hewa. Baba akakataa katakata: kitu cha bei ile kilale nje wezi wakibebe? Ikaingia stoo, kwa sharti kwamba dirisha libaki wazi siku zote.

Katika maneno yote ya fundi, mzee alikuwa ameshika moja tu: friji.

Wiki za kwanza mama alinipigia simu akicheka, ananiambia siku hizi anaamka na kukaa tu kama mke wa mkoloni. Halafu akaacha kuyataja maji. Nikiuliza, ananiuliza watoto wangu hawajambo. Nikapanda basi bila kumwambia mtu.

Nilifika mchana, nikaenda moja kwa moja stoo. Aka! Dirisha limepigiliwa bati. Mapaja ya mbuzi yananing'inia mbele ya feni ya mashine inayotupa baridi, na utumbo wa ng'ombe ambao haukuoshwa ukatakata, damu inadondokea kreti za bia. Maji yanayotoka kwenye mashine yamechanganyika na damu hiyo sakafuni, na nzi wameogelea humo wakafa. Kaka yangu mkubwa alikuwa amekaa katikati ya uvundo ule na chupa yake, anakunywa! "Karibu kwenye friji yako," akaniambia. Nilitema mate pale pale mlangoni.

Nikafungua bomba. Maji vuguvugu, kama mate ya ng'ombe.

"Mashine yako imechoka," kaka akasema. Nikamweleza kwamba haijachoka, mmeifungia ndani, imekula joto lote la chumba, sasa ivute nini? Fungueni dirisha tu, maji yatachemka leo leo. Akanitazama kama mtu anayeniona mjinga.

"Na nyama je?"

Nyuma ya jiko moshi ulikuwa unapanda. Sikuhitaji kuuliza ni nani anayepuliza.

Niliwatukana, sifichi. Niliwaita mafisi, watu wazima wenye ndevu wanaobadilisha macho ya mama yao kwa utumbo. Baba alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Umemaliza? Nyumba hii haijawahi kukosa maji ya moto." Nikachukua nyundo kwenda kung'oa bati. Mama akatoka nyuma ya jiko anapapasa ukuta, amejifuta macho kwa kanga mpaka kope zimechubuka. "Acha, mwanangu. Nyama ya baba yako itaoza."

Nikaiweka nyundo chini. Mpaka leo sijui kwa nini niliiweka.

Nilikaa kwenye kiti uani na vumbi langu la safari, nimenuna, nimewachukia wote. Baada ya muda mama akaja na ndoo, akaiweka kwenye mlango wa bafu. Nilikuwa hatua tatu kutoka alipokuwa, lakini aliugeukia mlango akauambia, "Maji tayari, mwanangu."

Nikainuka kitini, nikaenda kuoga. Yalikuwa ya moto vizuri.