Hedifoni Isiyovuja

Watu hununua hedifoni kwa ajili ya masikio yao. Mimi niliinunua kwa ajili ya masikio ya mama yangu, na mama mwenyewe hakuivaa hata siku moja.

Tulikuwa tunaishi wawili, mtaa wa Rahaleo, nyumba ya kupanga. Mimi ni fundi cherehani. Cherehani iko sebuleni, na pembeni yake kompyuta ya mezani niliyoinunua kwa mtu aliyefunga duka lake la intaneti. Nashona sare za shule, mgongo ukichoka naivuta stuli upande wa pili, nawasha gemu. Gemu la vita. Unapewa bunduki na mji uliobomoka, unatafutwa na wewe unatafuta. Jirani yangu aliwahi kunicheka dirishani: mwanamke mzima, nguo za watu hazijaisha, unapigana na katuni! Nikamwambia ashike yake.

Mama alikuja kwangu baada ya kijiji chetu kuvamiwa. Kiko kule chini, karibu na pale mto Ruvuma unapomwagika baharini. Watu wa ng'ambo ya mto tulikuwa tunaoana nao, tunazikana nao. Halafu wakaja watu wengine, na bunduki. Mama alilala kifudifudi kwenye shamba la mihogo mpaka kukapambazuka, na jirani yake aliyelala tuta la pili hakuamka. Alinisimulia mara moja tu. Sikumuuliza tena, kwa sababu niliogopa kusikia yaliyobaki.

Mtu ataniuliza: sasa wewe, mama yako ana jambo hilo, gemu la bunduki la nini? Na mimi nilijiuliza. Nilijaribu gemu la mpira, nikajaribu la magari, yakanichosha. Ukweli ni kwamba na mimi nilikuwa naogopa. Pikipiki ikisimama nje baada ya magharibi na simjui mwenye nayo, nazima taa na kukagua komeo. Kwenye gemu angalau bunduki ninayo mimi. Nikishapiga wawili watatu mikono inatulia, narudi kwenye sare zangu.

Spika nilikuwa naziweka chini, nikidhani chini inatosha. Alasiri moja nikageuka, nikamwona Mama kasimama mlangoni, kajifunga kanga mbili, mkononi kikapu chenye unga na vidonge vyake vya presha. Midomo imemkauka.

"Wamefika," akasema.

"Mama, ni kompyuta hiyo."

"Kompyuta ina bunduki?"

Nikamvutia kiti nimwonyeshe. Alitazama kidogo, akafumba macho, akaniambia nizime, kwa Kimakonde, lugha anayoirudia akiwa na hofu. Nikazima. Lakini tangu siku ile kitandani hakupanda tena. Alitandika mkeka nyuma ya mlango, kikapu kikiwa miguuni.

Ndipo nikaenda mjini kutafuta hedifoni. Kuna duka la vifaa vya umeme la mzee mmoja wa Kihindi, mtu wa swala tano na wa utani mwingi. Akanishushia aina tatu, zote za bei nafuu.

"Dada, chukua hii. Besi yake mpaka utalia."

"Sitaki besi, mzee wangu. Nataka isiyovuja."

"Isiyovuja? Unataka hedifoni au ndoo?"

Duka zima likacheka. Mimi sikucheka. Wengine hujaribu hedifoni kwa kuivaa, mimi nilimvisha yeye. Nilikuwa nimerekodi milio ya gemu kwenye simu. Nikachomeka waya, nikamkalishia hedifoni juu ya kofia, nikashusha vizuri mpaka ikafunika masikio, nikapandisha sauti. Kisha nikarudi nyuma hadi kwenye friji la soda, maana kutoka stuli yangu hadi kitanda cha Mama ni kama pale. Nikafumba macho, nikasikiliza.

Ya kwanza ilikuwa ile nyepesi ya sponji, rahisi kuliko zote. Ikavuja. Tatata, tatata, kidogo tu, kama panya anayetafuna gunia, lakini nilijua Mama angeisikia. Ya pili ilikuwa ya taa za rangi. Taa za nini, na aliyeivaa hawezi kuziona? Nayo ikavuja. Ya tatu ilikuwa nyeusi, nene, ya ngozi bandia, inabana masikio kweli kweli. Nilipandisha sauti mpaka mwisho. Kimya. Nikamwita mzee anirudishie, "Mzee! Mzee wangu!" Hasikii, anatikisa kichwa tu na risasi zake, mpaka mteja mmoja alipomgusa bega. Hapo na mimi nikacheka. Nikalialia bei, akapunguza, nikarudi nyumbani roho nyeupe.

Na kweli, mwanzoni ilikuwa raha. Nacheza, naivua, nachungulia chumbani, namkuta Mama anakoroma. Mkeka ukaondoka nyuma ya mlango. Akaanza kutwanga kisamvu mwenyewe, akaanza hata kunisema kwa kutoolewa. Nikajiambia, alhamdulillah, anarudi.

Ukaja msimu wa korosho na malori yake. Jumamosi moja, baada ya adhuhuri, Mama alikuwa kajilaza, mimi nikavaa hedifoni yangu. Nilicheza vizuri siku hiyo, naikumbuka mpaka leo. Nilipoivua ikaning'inia shingoni, niende kunywa maji, nyumba ilikuwa kimya mno. Chumbani kwa Mama shuka liko sakafuni. Mlango wa nyuma wazi. Ndala moja iko kizingitini, imepinduka.

Nikaita. Nikaangalia chooni, nikaangalia nyuma ya tangi la maji. Jirani yule wa dirishani akatoka na mwiko mkononi.

"Mama yangu umemwona?"

"Sijamwona. Kwani vipi? Au ule mshindo umemshtua?"

"Mshindo gani?"

"Hee! Lori la korosho limepasua matairi hapo barabarani, mawili, moja baada ya jingine, pa! pa! Mji mzima umesikia. Ulikuwa wapi wewe?"

Nikaishika ile hedifoni shingoni. Nilikuwa ndani. Nilikuwa hapo hapo ndani, na kilichomfika Mama mimi hakikunifikia.

Nilikimbia peku. Barabarani kuna magari, na Mama mji haujui, presha inampanda, kichwa kimejaa watu wenye bunduki. Nilimwona ameshagongwa. Nilimwona amelala mtaroni. Yote niliyaona, kila nikikunja kona nayaona upya. Kisha nikajiuliza, kule kijijini yeye alijificha wapi? Nikageuka kuelekea Likombe, ambako nyumba zinaanza kuachana na watu wamelima kwenye viwanja visivyojengwa. Kipo kiwanja kimoja cha mihogo, imeshapita kimo cha mtu.

Niliita tena. Hakuna aliyeitika. Nikaingia, natenganisha matawi, naita, "Mama, ni mimi," na jasho linaniingia machoni. Nilikuwa nalia bila kujijua. Nilimpata katikati, kifudifudi kati ya matuta mawili, kanga kajivuta kichwani. Kwa muda nilidhani amekufa. Nikapiga magoti, nikamshika mgongo, nikausikia unapanda na kushuka.

Aligeuka taratibu. Akanishika uso kwa mikono yote miwili, imejaa udongo, akanipapasa macho, pua, mdomo.

"Nilikuita," akasema. "Nilikuita weee, hukuitika."

"Mama..."

"Nikajua wameshakumaliza." Alikuwa ananong'ona. "Nikakuacha. Mwanangu, sikuingia hata kukutazama. Nilikuacha ndani peke yako nikakimbia. Nisamehe."

Nilikuwa nimekuja na radhi yangu mdomoni, nikashindwa niipeleke wapi. Nikamwambia hakuna watu, Mama, ni matairi ya lori. Nikamwambia nilikuwa nacheza, nilikuwa mzima, kosa si lako. Nilimwambia yote hayo nikiwa nimepiga magoti, kichwa juu, kwa sauti ya kawaida ya mchana. Naye alikuwa hanitazami tena. Alikuwa anatazama kati ya mashina, kule nilikotokea. Akanishika shingo akanivuta kwa nguvu ambazo sikujua kama bado anazo.

"Lala," akasema. "Watakuona."

Nikalala.