Afande Alitaka Mnyororo

Nakumbuka, mwanangu, siku moja Kariakoo iliacha kuuza. Kariakoo hii hii unayoijua! Mpaka leo nikiisimulia mwili unanisisimka.

Nilikuwa binti mbichi, nauza vipuri vya baiskeli dukani kwa Mzee Salim, Mwarabu wa watu aliyezaliwa na kukulia mtaani hapo hapo. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha miaka michache tu nyuma. Askari waliporudi tuliwapokea kwa ngoma na vigelegele. Lakini wako waliorudi na miili pungufu, na ngoma ziliponyamaza, hao waliingia vyumbani mwao huko Ilala wakakaa. Waliotoka kuhangaika ni wake zao. Wanawake hao ndio walioanzisha chama cha askari wastaafu na familia zao, na mwenyekiti wao alikuwa Mama Tatu, mwanamke mnene, mcheshi, akikuita ng'ambo ya barabara unageuka hata kama una haraka zako. Mumewe, Sajenti Luhende, alipoteza miguu yote miwili kwa bomu la kutegwa ardhini. Sisi tulimwita Afande.

Watu walikichangia chama kile, siwezi kusema hawakuchangia. Ila kila mtu alitoa alichotaka yeye. Kuna tajiri mmoja alileta viatu vya kiume, magunia kwa magunia. Viatu, mwanangu, kwa wanaume wasio na miguu! Mama Tatu alishukuru akavipokea, maana mkono wa kupewa hauchagui. Lakini usiku ule, aliniambia baadaye, alicheka mpaka akalia.

Ndipo akapata wazo. Chama kilikuwa na baiskeli chache za magurudumu matatu, zile zinazoendeshwa kwa mikono, kuukuu zote. Akapita duka kwa duka: "Jumamosi askari wangu wanashindana mbio, Mnazi Mmoja mpaka Ilala Boma. Njooni muwaone kwanza. Habari za kuchangia tutaongea baadaye."

Jumamosi ikafika. Nikwambie nini! Mtaa wa Uhuru ulijaa pande zote mbili. Makuli wamepanda juu ya mikokoteni, mama lishe wametoka na miko mkononi, wauza samaki wa Feri na ndoo zao, hata watu wa maofisini Posta na tai shingoni. Filimbi ikalia. Wazee wakachomoka! Mikono inazunguka, jasho linaruka, watu wanaita majina. Afande alikuwa mbele, meno ameyauma, kofia ya jeshi ameigeuza kisogoni kama kijana.

Akafika karibu na kona ya Msimbazi, tukasikia mlio, kaa! Mnyororo umekatika.

Wenzake wakampita, mmoja baada ya mwingine. Mimi sikufikiri mara mbili. Nilikimbia, nikashika nyuma ya baiskeli yake nikaanza kusukuma, na watu wakapiga makofi. Nikajiona shujaa. Afande akakamata breki.

"We binti, acha!"

"Shikamoo, Afande. Nakusaidia tu."

"Marahaba. Nani kakwambia nataka kusukumwa? Umeniuliza?"

"Sijakuuliza, Afande."

"Basi niulize!"

"Unataka nini, Afande?"

"Mnyororo!"

Mwanangu, lile karipio halikuniuma, lilinizindua. Nikageukia maduka nikapiga ukelele ambao sijui ulitoka wapi: "Mnyororo! Afande anataka mnyororo!" Neno likadakwa, likaruka mdomo hadi mdomo mpaka likaingia uchochoroni. Mara namwona Mzee Salim anakuja mbio! Mzee ambaye hata mvua haikuwahi kumkimbiza, kanzu ameikunja mpaka magotini, mnyororo mpya unaning'inia mkononi. Na nyuma yake Mangi Lyimo, Mchaga mwenye duka la kutazamana naye, mshindani wake ambaye hawakuwa hata wakisalimiana, amebeba spana na chupa ya oili. Wakafika wakihema, wakamtazama Afande.

"Nipeni," akasema. "Binti, wewe shikilia gurudumu."

Akaufunga mwenyewe, vidole vimejaa grisi, haraka haraka, huku Mangi akimpa spana na Mzee Salim akimwaga oili, nyingine ikamwagikia kanzu. Kisha akachomoka tena! Mtaa ukalipuka. Tulimkimbilia nyuma, wauzaji kwa wanunuzi, milango ya maduka tumeiacha wazi. Akampita mmoja, akampita mwingine, na pale Ilala Boma akaingia nambari mbili. Unadhani alifurahi? Alikasirika! "Turudie!" anafoka. "Turudie kutoka mwanzo!"

Watu walikuwa wanacheka, wengine wanafuta machozi, na sasa kila mmoja anamwuliza Mama Tatu: mama, chama kinahitaji nini? Akapanda juu ya benchi.

"Viatu tunavyo," akasema, na Ilala yote ikaangua kicheko. "Tunataka karakana. Tupeni vyuma, tupeni fundi wa kutufundisha, baiskeli tutazitengeneza wenyewe."

Na karakana ikasimama. Wajane wa askari waliokufa vitani walijifunza kuchomelea vyuma, na watoto wao wakasoma kwa jasho hilo. Mzee Salim na Mangi walipeleka vipuri pamoja, wakizozana njia nzima. Mimi nilikuwa nakwenda kufunga minyororo kila nilipofunga duka.

Sasa umeniuliza kama uvichangie vyama vya namna hii. Changia, mwanangu! Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Lakini nenda kwanza ukawaone. Kaa nao, unywe chai yao, utazame kazi yao kwa macho yako, maana kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ukishajua wanachohitaji, toa hicho, hata kiwe kidogo, na usitoe siku ya sherehe tu ukapotea. Mke wa askari na mtoto wake wanakula kila siku kama wewe. Na usimwonee huruma mtu aliyekulinda, mheshimu. Mwache aendeshe mwenyewe, wewe simama kando umshangilie mpaka sauti ikukauke.

Mungu akupe mkono mwepesi wa kutoa na sikio la kusikia kabla ya kutoa. Awarudishe salama walio mipakani, na walioachwa nyumbani wasikose mtu wa kuwabishia hodi. Na akujalie, mwanangu, mtu huyo uwe wewe. Amina.