Miche Iliyokataa Kiu

Mimi si mtu wa kumdhania mwenzangu mabaya, ila wifi yangu nilimdhania. Miche ya mikarafuu niliyoitoa kituo cha kilimo cha Kizimbani kwa utafiti wangu wa chuo ilikuwa kwenye roshani ya nyumba yetu, Mji Mkongwe, nami nilikuwa nimeinyima maji kwa makusudi. Yeye alitaka kuanika nguo pale, nikamkatalia. Akanyamaza. Wifi anayenyamaza anatisha kuliko anayetukana.

Mmea ukikosa maji huzalisha homoni ya ukame. Homoni hiyo hukiamsha kimeng'enya kiitwacho kinasi, nacho hubandika chembe za fosfeti kwenye protini nyingine, mpaka vitundu vya majani vifungike na maji yaliyomo yasitoke. Nilitaka kukipima kinasi kikiwa macho. Mche ukinywa maji, kinarudi kulala, nami sina cha kupima. Na msimamizi wangu alishaniambia: ukikosa matokeo safari hii, nafasi yako anapewa mwengine.

Sasa miche ikawa haikauki. Udongo mbichi, na majani yana madoadoa ya manjano. Ananitilia sumu! Nikanusa, nikasikia harufu ya marashi. Nani mwengine nyumba ile anajimwagia marashi kama anakwenda harusini? Kikulacho ki nguoni mwako, nikajiambia, na chakula alichopika nikaacha kula.

Siku moja baada ya alasiri nikajibanza nyuma ya tangi la maji. Ndara zikapanda ngazi. Akatokea mama yangu, kashika sahani nyeupe, midomo inamcheza kwa dua. Akawa anamimina maji yaliyomo kidogo kidogo, mche baada ya mche. Yalikuwa maji ya kombe: aya zilizoandikwa sahanini kwa zafarani na marashi, kisha zikaoshwa ziwe dawa ya husuda.

"Mama! Unafanya nini?"

Hakushtuka. Alinivuta karibu, akashusha sauti.

"Usipige kelele, wifi yako atasikia. Nshajua una hasidi humu ndani. Nlipanda hapa nkakuta miche yako imenyong'onyea, mtu kainyima maji. Roho gani hiyo? Lakini ntapambana naye, mwanangu, mpaka achoke mwenyewe."

Nilitaka kulia. Majani yalikuwa yamesimama, mabichi, hayanifai kitu.

"Mama, aliyeinyima maji ni mimi."

Alinitazama kwa huruma nisiyoisahau.

"Basi washakupata na wewe," akasema, na yaliyobaki sahanini akanipaka usoni.