Pua ya Thubaita

Siku aliyomwosha mumewe ndiyo siku Thubaita binti Wadaa aliyogundua kuwa ana msiba mwingine. Maji ya mwisho yalitiwa kafuri, tena si ya kubania, maana nyumba ile ilikuwa ya wauza manukato. Wanawake waliokaa nje ya pazia walikuwa wakipiga chafya. Yeye, mikono imezama katika maji yale yale, hakusikia chochote. Akainama karibu na bakuli, akavuta pumzi mpaka kifua kikajaa. Wapi! Akajiambia ni kilio tu, pua imeziba kwa machozi, na mwanamke aliyefiwa na mume kama Naufali ana haki ya kulia mpaka pua izibe. Naufali akazikwa alasiri ile, na mkewe akabaki ndani kukaa eda.

Machozi yalikauka. Pua haikurudi.

Sasa lazima mjue pua ile ilikuwa kitu gani hapo Madina. Zama zile majeshi yalikuwa yakirudi kutoka Shamu na Iraki na mali za kila namna, na hata mchunga ngamia aliyekulia kwenye vumbi alitaka ndevu zake zinukie ambari. Mama yake Thubaita alikuwa akibeba kikapu cha vichupa mlango kwa mlango. Binti akamfuata nyuma, akikaripiwa na kufundishwa kwa pamoja. Alipokua akatandika mkeka wake mwenyewe sokoni, kati ya wanaume wenye sauti kubwa, na hakuna aliyemwondoa. Wanaume hao hao, wakigombania miski kama ni safi au imechanganywa, walikuwa wakimletea yeye. Ananusa mara moja, anasema, na ugomvi umekwisha. Naufali alimwoa akijua hivyo. Ndugu zake walimcheka, ati atakuwa mbebaji wa mitungi ya mkewe. Akasema ndiyo, mitungi ataibeba. Na kweli akaibeba maisha yake yote, mtu mpole yule, Mungu amrehemu.

Walijaliwa mtoto mmoja, Unaisa, ambaye sasa alikuwa mwari mkubwa. Huyu naye alikalia mkeka ule, lakini pembeni. Thubaita hakumpa nafasi. Kila msichana akifungua mdomo, mama anasema, "Wewe nusa, nyamaza." Mtu mwenye kipaji hana subira na anayejifunza, na Thubaita hakuwa na subira hata chembe. Nasema hivyo na huku nampenda.

Mjane hajipaki uturi. Hatii wanja, hana hina, hana nguo ya rangi, wala hatoki nje ila kwa dharura, miezi minne na siku kumi. Kwa wajane wengine kuukosa uturi ni adhabu. Kwa Thubaita ilikuwa stara. Nani angejua kuwa hasikii harufu, wakati hakuna anayetarajia anuse kitu? Lakini stara hiyo ilikuwa na mwisho wake, na yeye aliuona ukija. Majirani wakitoka kwenda kuswali, alikuwa akijijaribu peke yake. Akakata kitunguu: macho yakamwagika machozi, pua kimya. Akachoma uzi wa sufu. Akachovya kidole kwenye siki. Kimya! Siku moja alikuwa amekaa karibu kabisa na jiko, akisokota uzi, mara jirani akapiga kelele kutoka juu ya ukuta.

"Mama Unaisa! Mkate unaungua huo! Umelala?"

Mkate ulikuwa mkaa. Akacheka, akasema mawazo ya mjane hayo, na jirani akamwonea huruma. Usiku ule hakula.

Angemwambia nani? Shemeji yake Jabala, mwenye kiwanda cha ngozi, alikuwa akija kila baada ya siku chache, anakaa ukumbini upande wa pili wa pazia na kukohoa kwanza ili ajulikane amekuja. Hakuwa mtu mbaya. Ila alipenda kupanga mambo ya watu.

"Shemeji," alikuwa akisema, "biashara hii ilikuwa na Naufali nyuma yake. Sasa umebaki na nani? Eda ikiisha, kama utaona nguvu hazipo, niachie mimi. Wewe na mtoto mtahamia kwangu, mtakaa na mke wangu Hunaida, mtasokota sufu, mtakula mnachotaka. Utapungukiwa na nini?"

"Nguvu ninazo, shemeji."

"Mimi nasema kama."

Akishaondoka, Thubaita alikuwa akiyarudia maneno yale peke yake. Kusokota sufu kwa Hunaida, kuomba ruhusa hata ya kununua kitana! Na neno moja tu lingetosha kumpeleka huko: muuza manukato asiye na pua. Nani angenunua kwake? Angeuzaje? Alijilaza akiwaza, akageuka upande huu, akageuka upande ule, na kumwomba Mungu amrudishie kitu kimoja tu.

Eda ilipokuwa katikati, msafara wa Aden ukaingia. Sharahili, mfanyabiashara wa Yemen aliyemletea mzigo miaka yote, akatuma salamu za rambirambi, na habari kwamba mitungi ya mafuta ya uturi ipo na hawezi kungoja. Wanunuzi wengine wameshamzunguka. Akiba yote ya nyumba ilikuwa ikingojea mzigo huo. Thubaita akampeleka Unaisa, na kwa kuwa msichana hawezi kwenda peke yake kwa wageni, Jabala akaongozana naye.

Walirudi wakibishana. Ukumbi ulikuwa umejaa wanawake siku ile, maana Ummu Zurara, mama aliyekuwa akiwafundisha wanawake wa mtaa mambo ya dini, alikuja kumtazama mjane na wanafunzi wake wakamfuata.

"Mama, mafuta haya yana kitu," Unaisa akasema kabla hata hajakaa. "Uzuri upo juu juu, ukingoja kidogo chini yake kuna..."

"Ni harufu ya safari tu!" Jabala akadakia kutoka nyuma ya pazia. "Mzigo umetoka Aden kwa ngamia, ulitaka unuke nini? Mimi nimenusa. Mazuri kabisa."

"Ami, wewe unashinda kwenye ngozi mbichi, kwako kila kitu kinanukia!"

Wanawake wakaangua kicheko. Unaisa hakucheka. Alitoa kifundo cha pamba kilichofungwa kitambaani, akapiga magoti mbele ya mama yake.

"Nusa, mama. Hutajipaka, hata hutagusa. Nitaishika mimi. Sema tu ndiyo au hapana, Sharahili anangoja."

Ukumbi mzima ukamtazama. Pamba ile ilikuwa pale, karibu na pua yake, na kwake yeye ilikuwa pamba tu. Angeweza kusema hapo. Walikuwa wanawake tu isipokuwa Jabala nyuma ya pazia, na ni Jabala ndiye aliyemfunga mdomo. Alimsikia akikohoa, akingoja.

"Toa hiyo!" akafoka, akausukuma mkono wa binti yake. "Unataka nivunje eda ya baba yako? Hana hata nusu mwaka kaburini! Ami yako kasema mazuri, basi mazuri. Nendeni mkanunue."

"Lakini mama..."

"Nimesema nyamaza!"

Unaisa akakunja kitambaa chake. Ummu Zurara naye akatikisa kichwa polepole, macho yamelowa. "Mmeona, mabinti? Riziki yake yote iko kwenye mzigo ule, na bado hata kunusa hataki. Huko ndiko kumcha Mungu. Mtu akiwauliza mjane akaeje, mwambieni amtazame Mama Unaisa."

Loo, sifa zile! Thubaita angepigwa fimbo ingekuwa afadhali. Mitungi ikaletwa, mdomo wa kila mmoja umezibwa kwa udongo, ikapangwa chumba cha ndani kungojea eda iishe. Tangu hapo hofu yake ikawa mbili. Alimwogopa Jabala, na akamwogopa Mungu. Wanawake wa mitaa ya mbali walianza kuja kumwona yule mjane asiyenusa, wakimwomba awaombee dua. Anawaombea, kisha anaingia ndani na kukaa mbele ya mitungi ile, anaitazama, haijui ina nini. Alikonda. Watu wakasema ni mapenzi ya Naufali.

Siku ya kutoka eda ikafika, wala haikumwuliza kama yuko tayari. Asubuhi akaoga, akavaa nguo ya rangi ya zafarani aliyoletewa na jirani. Wanawake wakajaa mpaka mlangoni na vigelegele vyao, na Hunaida, mke wa Jabala, akaja na sinia la tende na samli. Jabala mwenyewe alikaa uani na wanaume wachache. Thubaita alikuwa amejipangia hila yake: mtungi ukifunguliwa, atazitazama nyuso za watu kwanza, na nyuso zitamwambia la kusema.

"Tufungue ule wa zamani uliobaki, mama," Unaisa akamnong'oneza.

"Wa zamani wa nini?" Ummu Zurara akasema, masikio yake hayakukosa kitu. "Mzigo aliousubiri kwa ajili ya Mungu ndio wa kufunguliwa leo. Huo huo!"

"Fungua huo mpya," Thubaita akasema.

Jirani akauleta mtungi wa karibu, udongo ukavunjwa. Thubaita akainua macho azitazame nyuso, kumbe hakukumbuka desturi: mjane ndiye wa kwanza. Hakuna aliyesogea, hakuna aliyenusa, wote waliinamisha vichwa kwa heshima wakimngoja yeye ajipake. Hila ikafia hapo. Akachota kwa vidole, akajipaka mashavuni, akajipaka mikononi mpaka kwenye kiwiko, akitabasamu. Akasema kwa sauti, ili asikike mpaka uani, "Huu ndio uturi wa Aden. Uturi mwema kabisa."

Kigelegele hakikupigwa.

Hunaida akavuta ushungi wake puani. Mwanamke mmoja wa nyuma akakohoa. Ummu Zurara, aliyekaa karibu kuliko wote, akamtazama kwa mshangao. "Mwenzangu... unausikia?"

"Nausikia sana," Thubaita akasema. "Ni mwema."

"Mama," Unaisa akasema. Alikuwa akilia. "Mama, yamechacha. Yananuka mpaka nje."

Thubaita akaitazama mikono yake inayong'aa. Akainusa, mbele ya watu wote, kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha, huku, na huku. Kisha akaiweka mapajani. Ajabu ni kwamba ile hofu ya siku zote ilimtoka hapo hapo, ikabaki aibu peke yake, na aibu angalau ina maneno.

"Sisikii kitu," akasema. "Wallahi sisikii. Tangu ile kafuri ya Naufali sijasikia harufu yoyote, wala ya mkate."

"Na ile pamba?" Ummu Zurara akauliza taratibu.

"Ile pamba sikuikataa kwa kumcha Mungu. Niliogopa mtajua."

Ummu Zurara akarudi nyuma kidogo. Uso ulikuwa umemwiva. "Mimi nimewafundisha wanawake wa mji huu kwa mfano wako."

"Wafundishe upya, dada. Waambie Thubaita aliwadanganya."

Huko uani Jabala akakohoa kile kikohozi chake. "Si nilisema? Nilisema mimi, kazi hii niachieni tangu..."

"Nyamaza wewe!" Hunaida akamkata, na hakuna aliyetarajia hilo kutoka kwake. "Si wewe uliyenusa ukasema mazuri kabisa? Rudi kwenye ngozi zako, bwana, usitutie balaa!" Kicheko kikapasuka, wanawake wakashikana mabega, na Jabala hakusikika tena. Lakini kicheko kilipokwisha, mtungi ulikuwa pale pale, na ndani chumbani wenzake wamejipanga, na akiba yote ya nyumba imo ndani yake. Thubaita akamgeukia binti yake.

"Siku ile ulitaka kusema nini?"

"Kwamba mitungi iliyopakiwa juu imepigwa na jua njiani. Ya chini haina neno. Nilikuwa nimeshaitenga, mama. Nilitaka tuchukue ya chini tu, na ya juu tumwachie Sharahili."

"Hukuniambia hivyo."

"Hukuniacha niseme."

Thubaita akashika mdomo. Aliikumbuka miaka yote ya mkeka, yote, na msichana amekaa pembeni ananusa, ananyamaza. Badala ya kumwomba radhi akasogea, akampisha mahali pake.

"Kalete mmoja wa hiyo ya chini," akasema.

Unaisa akaleta mtungi, akaukalisha kati, akauvunja udongo. Akainama, akafumba macho. Hakuharakisha, na hakuna aliyemharakisha. Wanawake wote walimngoja, na mama yake akiutazama uso ule kana kwamba riziki ya dunia nzima iko juu yake. Akakunja uso kidogo. Thubaita akashika pindo la nguo. Kisha uso ukakunjuka.

"Huu mzima," Unaisa akasema. "Huu nitauuza."

Ummu Zurara, bado amekasirika, akapandisha mkono wa nguo yake na kukinyoosha kifundo cha mkono ili apakwe, juu ya mapaja ya Thubaita, kumwelekea Unaisa, bila kumtazama mjane. Thubaita akajivuta nyuma ili mkono ule upite. Wivu ukamchoma, na furaha ikamchoma pamoja nao, hata hakujua kipi ni kipi.

Wa mwisho kupakwa alikuwa yeye. Unaisa alimwosha kwanza ule uvundo kwa maji na majivu, akamkausha kwa ushungi wake mwenyewe.

"Lete mikono, mama."

Akaitoa. Alisikia baridi ya mafuta tu, na vidole vya mwanawe vikimsugua taratibu. Akauliza kwa sauti ndogo, "Uturi unanukiaje?" Na Unaisa akaanza kumweleza.