Mkono wa Kulia

Likizo ile nilirudi Mwanza na sapu ya hesabu, mtihani wa kurudia. Nikifeli tena, nadisko, chuo kimeishia hapo. Na nyumbani penyewe baba alikuwa amepunguzwa kiwandani, soko huria limeingia, mama anauza mitumba Igoma. Tegemeo lao nilikuwa mimi. Niliogopa, sifichi.

Basi nikawa navuka kwa kivuko pale Kigongo, hadi Sengerema kwa mwalimu wangu wa sekondari, Mhaya mmoja aliyeipenda hesabu kuliko kahawa ya kwao. Jamani, namkumbuka yule mzee.

Kilichonishinda kilikuwa kuzungusha njia. Una eneo chini ya grafu inayokwenda pande zote bila mwisho. Badala ya kulipima lote, unauacha mstari wa namba, unazunguka kwa upinde mkubwa hadi ulikoanzia, kisha unahesabu tu masalio ya zile nukta ulizozizingira, mahali fomula inapogawanya kwa sifuri. Wanafunzi tuliziita pole, kama zinavyoandikwa Kizungu, ingawa zenyewe hazikutuonea huruma. Ukizungukia upande usio wake, jibu linageuka hasi.

Mwalimu alichora njia uani kwa kijiti. Hakuwa na desturi ya kutaja kulia wala kushoto, maana watoto wa kidato cha kwanza walimchanganyia hizo mbili kila mwaka. Akasema nikitembea kwenye njia, ndani pawe upande wa mkono ambao sili nao. Rahisi. Nikatembea, nikakokotoa, nikapata hasi pai. Nikarudia, hasi pai. Siku nenda rudi. Akauliza kwa upole, eneo lote liko juu ya mstari, linakuwaje hasi? Machozi yakanilengalenga. Nilimkasirikia, nikajikasirikia zaidi, nikaona heri nikakunje mitumba na mama.

Kila siku nilikuwa nawahi kivuko kabla ya chakula. Siku hiyo mke wa mwalimu alikataa nisiondoke na njaa, akatuandalia ndizi na maharage. Tukanawa, tukaanza. Mama yule akanitazama, akainamisha macho kwa adabu. Mwalimu akaacha tonge hewani.

"Binti, mkono wako wa kulia ni upi?"

Nikainua wa kushoto. Mimi ni mashoto tangu kuzaliwa. Bibi alinichapa sana kwa ajili hiyo, mpaka mama akasema mwacheni mtoto ale. Na mkono ambao sili nao, kwangu, ni ule mwingine.

Mwalimu alicheka hadi akapaliwa. Tukarudi uani na mikono yenye mchuzi, nikazunguka upya, safari hii ndani pakiwa kushoto kwangu, na pai ikatoka chanya.

Nilifaulu. Nikavuka kumpelekea habari, nikamwamkia shikamoo kutoka getini kabisa. Aliagiza ndizi, akanawa, na yeye, mtu mzima na heshima zake, mkewe kashika kichwa, akala sahani nzima kwa mkono wa kushoto, maharage yakimdondokea kwenye shati.