Nilikimbia kilomita 21 toka ghala la kijiji mpaka Sumbawanga mjini, nikiomba nishindwe

Wakuu, habari za humu.

Nianze na ujinga wangu, ili wa kucheka mcheke mapema halafu tutulie.

Asubuhi ya half marathon yangu ya kwanza (na ya mwisho) nilikula ugali wa ulezi. Si kidogo. Bonge lenyewe, na maharage, saa kumi na moja alfajiri.

Kwetu Ufipa huo ni ugali wa mtu anayekwenda kushinda shambani anapiga matuta. Ukiula asubuhi unakaa nao mpaka jioni. Nikawaza, kama unamtosha mtu wa jembe, mtu wa kukimbia tu utamshindaje?

Ulinikalia tumboni kama mgeni aliyesikia kuna kuku anachinjwa.

Hii si chai. Ni mambo yaliyonipata mwenyewe, na nimekaa nayo miaka bila kuyaandika popote.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nilimaliza form four nikarudi kijijini, barabara ya Mpui, na tangu hapo safari yangu kubwa ilikuwa kwenda mashine kusaga. Mke wangu alikuwa anasema hata kuku wetu wametembea kuliko mimi.

Sasa niliingiaje kwenye mbio? Mbio ndizo zilizonifuata. Vijana wa parokia moja ya mjini walipima kilomita ishirini na moja kwa gari, zikaishia kwenye ghala la mahindi la kijiji chetu. Wakasema basi, hapa ndipo pa kuanzia, watu wamalizie mjini.

Kijiji kikapata la kunitania. "Wewe si hupendi kutoka? Haya, zimekuja mlangoni."

Nilicheka nao. Ila nilijiandikisha kwa sababu nyingine, na sikumwambia mtu.

Turudi nyuma miaka minane kabla ya hapo.

Ilikuwa ile miaka malori ya watu binafsi yameanza kuja kununua mahindi vijijini. Mdogo wangu, Skola, alikuwa amerudi kwetu kujifungua mtoto wa kwanza. Mume wake alikuwa ameteremkia Muze, kule bondeni, kwenye biashara ya mchele. Mwanaume pale nyumbani nilikuwa mimi.

Uchungu ulianza usiku. Asubuhi, kama saa moja na nusu, jirani yetu Mama Frida, ambaye ndiye mkunga wa kijiji, alitoka ndani anajifuta mikono.

Akaniambia, "Mtoto amekaa vibaya. Nenda mjini ukalete gari la misheni. Nenda sasa hivi."

Baiskeli yetu ilikuwa haina tairi la nyuma. Nikasema nitapanda lori la mahindi, linakuja saa nne.

"Nenda kwa miguu," akasema.

Nikamjibu hivi, na maneno haya nayakumbuka kuliko sala zangu: "Mama, mjini ni mbali. Nikitembea, lori litanipita njiani."

Lisomeni tena hilo jibu. Akili ya form four hiyo. Kana kwamba lori likinikuta barabarani lisingenipakia.

Nikaenda kukaa ghalani.

Saa nne hakuna lori. Saa sita hakuna. Lilikuja saa nane, likapakia magunia mpaka saa tisa. Kama saa kumi ndiyo nashuka mjini. Masista wa misheni walinipa gari palepale, hawakuuliza hata swali. Tukafika nyumbani jua linaelekea kuzama.

Skola alikuwa ameshafunikwa kitenge. Mama Frida alisema amekata roho kama saa kumi. Mtoto naye hakuishi.

Hakuna aliyenilaumu. Msiba mzima watu walisema "ni mbali, ungefanyaje". Hata mimi nikasema hivyo hivyo, miaka minane. Ni mbali. Niliegemea neno hilo kama mzee anavyoegemea fimbo.

Ndiyo maana niliposikia kilomita ishirini na moja, na zinaanzia ghala lilelile, nilijua lazima niingie. Nilitaka kuona kama ni mbali kweli.

Na nitasema ukweli: niliomba nishindwe. Nikishindwa, basi siku ile nilikuwa sahihi. Ndiyo maana hata ule ugali wa alfajiri siku hizi siuiti ujinga mtupu.

Tulianza saa moja na nusu. Baridi ya mwezi wa saba mnaijua, na upepo wa kule juu hauna kitu cha kuuzuia. Nilivaa sweta na raba za mtumba zinazobana. Kilomita ya pili tu nikawa wa mwisho.

Si wa mwisho kabisa. Alikuwepo mfugaji mmoja wa Kisukuma, mtu mzima, amevaa katambuga za tairi, fimbo mabegani. Alikuja taratibu, akanitazama, akasema, "Rafiki, unakimbia, au unaswaga ng'ombe ambaye sisi hatumwoni?"

Kisha akanipita. Sasa nikawa wa mwisho kabisa.

Nikawa natembea, nakimbia kidogo, natembea. Kilomita ya tisa nilitapika ugali wote pembeni ya barabara. Samahani kwa mnaokula. Baada ya hapo mwili ukawa mwepesi, na hilo lilinitisha. Nilikuwa nategemea ule ugali uniangushe.

Kilomita ya kumi na tatu nikasikia injini nyuma yangu.

Lilikuwa lori la waandaaji, linaokota waliochoka. Juu kulikuwa na watu wamejifunika mashuka, wanacheka. Likapunguza mwendo. Likasimama. Dereva akatoa kichwa, "Mjomba, panda, umejitahidi."

Nilisimama hapo nimeshika ubao wa lori.

Lilikuwa limenikuta njiani, wakuu. Na limesimama. Sikulipungia hata mkono.

Ningepanda, leo ningekuwa bado nasema ni mbali. Nilimwambia dereva, "Nenda tu, nakuja." Likaondoka. Nikaanza kukimbia, na nafikiri ndiyo mara pekee siku ile nilikimbia kwelikweli.

Nilifika mjini saa nne na dakika ishirini na mbili kwa saa yangu ya mkononi. Masaa mawili na dakika hamsini na mbili. Yaani mtu mvivu, mwenye raba zinazobana, aliyetapika njiani.

Watu wakapiga makofi. Binti mmoja akanipa soda. Nikakaa juu ya jiwe na ile soda haijafunguliwa, napiga hesabu ambayo mmeshaipiga. Saa nne na nusu niko kwa masista. Saa sita haijafika, gari liko nyumbani. Skola alikata roho saa kumi.

Kama hospitali wangemwokoa, sijui. Hilo Mungu ndiye anajua. Ila gari lingefika.

Somo langu ni fupi. Mtu akikwambia nenda, nenda. Anza na miguu uliyonayo. Gari likija litakukuta mbele, halitakuchukia kwa kutembea.

Aliyewahi kukaa akasubiri, kumbe njia ilikuwa wazi, aandike hapo chini, nitasoma kila mmoja. Na wa kunicheka kuhusu ugali, ruhusa mnayo.

La mwisho. Mchana ule nilirudi kijijini, nikapitiliza mpaka kwa Mama Frida. Alikuwa anapepeta ulezi uani. Nikamwamkia shikamoo, nikamwambia muda niliotumia. Muda tu, sikuongeza neno.

Aliendelea kupepeta mpaka ulezi wa kwenye ungo ukaisha. Halafu akasema:

"Mimi nilijua siku ileile kwamba ungefika. Nilikuwa nangoja ujue mwenyewe. Haya, nawa mikono, ugali unapoa."